Uvimbe Uliokataa Kunywea

Dada yangu alikuwa ameshakoma hedhi alipoanza tena kutokwa damu. Alikuwa mjane, mkulima wa alizeti kule Mpwapwa, mtu asiyezoea kulalamika. Tumbo lilipoanza kujaa, wanawake wenzake wa kwaya walimtania kwamba amepata mimba ya uzeeni, naye akacheka pamoja nao.

Kwenye kituo cha afya walimpima ultrasaundi, wakamwambia ni uvimbe wa kawaida wa kizazi, wanawake wengi wanao. Tulimshukuru Mungu.

Mavuno yalipokwisha, sketi zilikuwa hazifungi tena. Nikamleta kwangu Zuzu, nje kidogo ya Dodoma, tukaenda hospitali mjini. Daktari, mama wa makamo, alimbonyeza tumbo kwa muda mrefu, kisha akauliza, "Mama, hedhi ilikoma lini?"

"Zamani. Mjukuu wangu wa kwanza alikuwa hajazaliwa."

"Uvimbe wa kawaida hunywea baada ya hapo. Huu wako unakua."

"Kwa hiyo ni nini?" niliuliza.

"Bado sijui. Kwenye picha, uvimbe wa kawaida na ule mbaya hufanana. Tutautoa pamoja na kizazi, mzima mzima, bila kuukatakata humo ndani, kisha maabara watuambie."

Wakautoa. Tukiwa tunasubiri majibu, dada akaanza kukohoa. Nilimwambia ni vumbi la Dodoma. Nilitaka sana liwe vumbi.

Daktari alituita, akavuta kiti karibu yetu. Ilikuwa saratani ya misuli ya kizazi, aina isiyoonekana mara kwa mara, nayo ilikuwa imeshafika mapafuni. Dada alisikiliza hadi mwisho.

"Sasa kule kituoni walinidanganya?"

"Hapana, mama. Waliona ambacho wengi wetu tungekiona."

Jibu hilo liliniuma. Nilitaka nipate wa kumlaumu.

Akaanza dripu za dawa ya saratani. Nywele zikaisha, pumzi ikawa fupi. Jioni moja nikimpepea akasema, "Mdogo wangu, nirudishe nyumbani." Nikamsihi avumilie dripu moja tu zaidi. Alikubali, nadhani kwa ajili yangu. Hakuiwahi.

Tulimzika kando ya mumewe, ardhi ikiwa kavu na ngumu, vijana wakipokezana sururu. Pale pale makaburini binti yake aliniuliza, "Mama mdogo, na mimi nikapime?"

Nikamwambia aende. Wakimwambia hana tatizo, sijui nitawaaminije.