Aproni Tano kwa Watu Sita

Mwanangu, asubuhi ninayoikumbuka kuliko nyingine nilifika kazini, kwenye supamaketi moja ya Mbezi Beach, nikakuta aproni tano zimetundikwa. Wauzaji tulikuwa sita.

Bosi wetu hakuwa mtu wa maelezo. Biashara imepoa, mikataba hatuna, kwa hiyo sote tukaelewa vilevile: mmoja anapunguzwa, na atakayekosa aproni ndiye. Aliyeikosa siku ile alishinda nyuma ya rafu za sabuni akijificha. Hakuna aliyeuliza. Siku iliyofuata mwenzetu Sele akaja ameivaa toka kwao Mbagala. Mie nikaanza kulala nayo. Mke wangu akauliza kama nimeajiriwa na godoro.

Nikaona bora niache kazi mwenyewe. Nikamfuata keshia wetu, Bi Saumu, mtu mzima, mzaliwa wa Temeke.

"Shikamoo, Bi Saumu. Mie kesho siji."

"Marahaba. Nani kakufukuza?"

"Bado."

"Ehe! Unajifukuza mwenyewe, bosi asipate tabu? Una huruma wewe! Hebu nenda kamuulize. Mwanaume mzima unaogopa kitambaa."

Nikaenda. Bosi akashangaa. "Aproni? Si mke wangu kaichukua, anakaangia samaki."

Nikajikaza. "Na kazi, bosi, ipo?"

Akaweka kalamu chini. "Hadi sikukuu ipo. Baada ya hapo, kwa kweli, sijui."

Nisimwonee bosi, alijibu ukweli. Ila angesema mapema, tusingelala na sare. Nisimwonee na Sele: aliondoka wiki ileile bila kuuliza, akafungua genge la mboga Mabibo, na likamtoa kimaisha. Kwa hiyo sisemi kuacha kazi ni kosa. Labda hata sijui vizuri ninachofundisha, shule yangu ilikuwa fupi. Lakini mie nilipojua nilipo, nilipata usingizi, nikatafuta pengine taratibu, na siku ya kuondoka niliaga watu.

Basi wewe unayesimama dukani kutwa hadi miguu inavimba, hofu ikikwambia acha, muulize kwanza mwenye kazi, kwa adabu. Na mwenzako anayetetemeka pembeni yako, msemeshe. Ukiondoka, uondoke kwa jambo unalolijua, si kwa la kudhani. Mungu akupe bosi anayesema, mwanangu. Na siku ukiwa bosi wewe, akufungue mdomo.