Stesheni Isiyo na Reli

Musoma haijawahi kuona treni. Hata hivyo tulikuwa na stesheni, na aliyetubishia alipata jibu lake. Meli za ziwani zilikuwa chini ya watu wa reli, kwa hiyo jengo la abiria karibu na gati walilijenga wao, enzi za mkoloni, kwa sura waliyoizoea: kuta za mawe, baraza pana, dirisha dogo la tiketi lenye nondo, na nyuma yake chumba cha karani. Ulikata tiketi pale, meli ikakupeleka Mwanza, na treni ikakumalizia hadi Dar es Salaam. Mgeni akiuliza reli iko wapi, tulimwambia imepita chini ya maji. Wapo walioamini.

Mimi nililikuta limeshachoka. Miaka ile ya shida, sabuni na sukari zilipokuwa za foleni, meli nayo ilikosa vipuri ikawa inakuja inapojisikia. Marobota ya pamba kutoka Bunda yakahamia kwenye malori. Kisha biashara ikafunguliwa, mabasi ya watu binafsi yakajaa barabara ya Mwanza, na abiria hawakuona sababu ya kukaa gatini kutwa nzima. Mlango ukatiwa kufuli, popo wakahamia darini.

Mama yangu alikuwa akilipigia jicho jengo lile. Yeye na wanawake wenzake wa upande wa Nyegina walinunua dagaa kwa wavuvi kule mwaloni, wanakoshusha samaki, wakawaanika juu ya majabali, kisha wakawauza kwa wachuuzi wa Bunda na Butiama. Kiangazi hakuna taabu. Vuli ikianza, dagaa akilowa amekwisha. Labda umpe kuku. Mwaka uliotangulia waliharibikiwa karibu mzigo wote, na baadhi yao wakarudi kulima vibarua kwenye mashamba ya watu. Mama akasema haitatokea tena. Alitaka paa kabla ya mvua, na paa lilikuwa lile pale, limekaa bure.

Ofisini kwa watu wa reli walimzungusha. Bosi yuko safari, bosi yuko kikaoni, njoo Jumatatu. Mama akawa anakwenda na ukili wake, anakaa kizingitini anasuka mkeka, na kila anayeingia lazima amruke. Nadhani walimkubalia ili wapate njia ya kupita. Bwana mmoja wa ofisi akatumwa kuja kufungua mlango.

Mlango ukafunguliwa, na hakuna mwanamke aliyeingia. Walisimama barazani na magunia yao vichwani.

Kwa watu wa mama, nyumba iliyohamwa haiingiwi hivi hivi. Aliyelala humo mwisho sharti aje, awashe moto, apike chochote, mle pamoja. Kisha yeye ndiye atoke, ninyi mbaki. Bila hivyo mnakuwa mmeingia kwa mtu.

"Moto tu?" bwana wa ofisi akauliza. Akakusanya makaratasi, akamwagia mafuta ya taa, akayawasha katikati ya ukumbi wa abiria. Moshi ukajaa, popo wakatoka wote kwa mkupuo, naye akatoka nyuma yao anakohoa. Wanawake walimtazama kwa adabu. Mmoja akasema, "Huyu hajawahi kulalaga humu," wakageuka na magunia yao.

Nilikasirika sana. Upande wa ziwa mawingu yalishakuwa meusi, na watu wazima wanagomea jengo kwa ajili ya moto.

"Mama, si tuingie sisi wawili tu?"

"Na mzigo wa wenzetu utauanika wewe?" akaniuliza.

Aliyelala humo mwisho alikuwa karani wa tiketi, aliyeishi katika kile chumba cha nyuma miaka yake yote ya kazi. Sasa alikuwa na nyumba na shamba la mihogo Bweri. Tulimfuata kwa miguu. Alitusikiliza akiwa ameegemea jembe.

"Mimi sijahama," alisema. "Nilikuwaga zamu. Waliniambia nikapumzike, meli ikirudi nitaitwa. Sijaitwa."

Mama hakubishana naye. Kesho yake alirudi na jembe, akaingia kwenye mihogo ya yule mzee akapalilia, akaaga, akaondoka. Siku iliyofuata akapalilia tena, na mimi nikapalilia kando yake huku nimenuna. Mzee alitoa uji, hakutoa jibu.

Kisha mvua ya kwanza ikanyesha. Haikuwa kubwa, lakini gunia moja la mjane mmoja wa kwetu lililowa lote. Tulifika Bweri nguo zikichuruzika maji, na safari hii mama hakushika jembe.

"Mzee, meli hairudi," alisema.

Mzee akakunja uso. "Umekuja kuniita mwongo nyumbani kwangu?"

"Sijakuita mwongo. Umengoja, hakuna aliyengoja kama wewe. Ila sisi tunaharibikiwa."

Aliingia ndani akafunga mlango. Njia nzima ya kurudi nililia kwa hasira. Mama aliniacha nilie, akawa anahesabu kwa sauti majirani wenye mabati, wanaoweza kutuhifadhia dagaa.

Asubuhi yule mzee alikuja stesheni. Alivaa koti lake la kazi la kaki, limepigwa pasi, na mkononi alishika sufuria. Alitupita barazani bila salamu, akaingia, akakaa nyuma ya dirisha la tiketi, akalifungua. Akangoja. Tulitazamana, hatujui tufanye nini. Mwishowe mama akaenda akasimama mbele ya nondo, kama abiria.

"Unakwenda wapi?" mzee akamuuliza.

"Sisemi uongo, mzee. Hatusafiri. Sisi tunabaki."

Mzee aliegemeza mikono juu ya kaunta. Nilidhani atanyanyuka aondoke. Badala yake alivuta kile kidirisha taratibu mpaka kikagota, akakikomea.

Aliwasha moto nyuma, karibu na chumba chake. Alipika ugali, na furu wawili, wale samaki wadogo wa ziwani, aliokuja nao ndani ya sufuria. Tulikula tonge moja moja, wanawake wote, na bwana wa ofisi, ambaye sijui alitokea wapi, akala pia. Kisha mzee akafuta mikono, akafunga vifungo vya koti, akatoka. Hakuna aliyemshukuru, maana kwa desturi yetu anayetoka hasemeshwi.

Alipovuka baraza mvua ilianza kupiga bati. Mama akajitwika gunia lake barazani akaingia nalo wa kwanza, machozi yanamtiririka, akaanza kutuonyesha mahali pa kupanga.