Jina Nililoliita Bwawani

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa, Bibi yetu, aliyetoka Pemba kuja kuishi nasi Thornton Heath, London, alitukataza jambo moja tu kila alipotupeleka kutembea kwenye mabwawa: tusiitane majina karibu na maji. Maji yana wenyewe, alisema, na jina wakilisikia hulishika. Nilimjibu kwa Kiingereza, kama ilivyokuwa kawaida yangu, kwamba London hakuna mashetani.

Siku ile ilikuwa katikati ya kiangazi, jua la saa saba. Maua marefu ya zambarau yalisimama ukingoni, na yale meupe yenye harufu ya asali yalijaa nyuki. Bibi alikuwa amekaa kwenye benchi akimtazama korongo. Mdogo wangu Rukia, wa miaka mitano, alikuwa ng'ambo ya kidimbwi akichuma maua. Nikaona kerengende wa buluu ametua kwenye unyasi mbele yangu, nikasahau kila kitu.

"Rukia, njoo uone."

Akaja moja kwa moja. Baina yetu kulikuwa na kijani kilicholala sawasawa kama nyasi za bustanini, kumbe ni vijimea vinavyoelea juu ya maji. Alipiga hatua moja, akazama. Hakupiga kelele. Kile kijani kikajifunga juu yake, kama kwamba hapajapita mtu. Nilibaki nimesimama pale pale.

Bibi, ambaye hata ngazi za nyumbani zilimshinda, aliingia na baibui lake. Maji yakamfika kifuani. Akapapasa, akapapasa tena, akamtoa kwa kumvuta gauni. Rukia alikohoa, kisha akalia.

Bibi akanitazama. "Alikuwa akimfuata kerengende," akaniambia taratibu. "Umenisikia? Akateleza."

Ndivyo alivyomweleza mama. Rukia amekua na hadithi hiyo, na huisimulia kwa kicheko kama anayeikumbuka mwenyewe.

Bibi ameshatangulia mbele ya haki. Kama maji yana wenyewe, sijui. Zamani nilidhani alinifichia siri ili mama asinichape. Sasa naona alitaka Rukia asimwogope dada yake, na mimi akaniachia mzigo wa jina nililoliita, ambao sijapata ujasiri wa kuutua.