Mataulo ya Wenyewe

Nimerudi Doha jana, na wenzangu wa mtaani kwetu Mansoura sijawaambia nilivyojiaibisha Italia. Kazi yangu hapa ni kukusanya mataulo ufukweni mwa hoteli, na kumpa mgeni jingine akitaja namba ya chumba. Digrii ninayo, msiniulize. Tulipofika ufukweni kule Italia, Njeri, mchumba wangu, alinionya mapema: "Kamau, leo ni kupumzika tu. Ukigusa taulo la mtu, uchumba umeisha."

Nililala mchangani dakika kumi. Lakini taulo lililoachwa ovyo hunikosesha amani: msimamizi akipita je? Njeri alipoingia majini, nikakunja moja. Jamani, nikamaliza safu nzima, nikayabeba yote.

Mama mmoja akatoka majini akitetemeka, akinifokea kwa Kitaliano. Nyuma yake, Njeri amesimama, mikono kiunoni. Nami nikainama kwa adabu: "Samahani, madam. Chumba namba ngapi?"