Mrefu Mmoja, Mifupi Miwili

Juzi fundi alikuja ofisini kwa binti yangu. Kompyuta kadhaa kwenye waya mmoja, kila moja na namba yake, na moja namba yake haijulikani. Akaziita zote kwa pamoja, zikajibu moja moja kwa namba zao, namba iliyobaki ikawa ndiyo ya hiyo. Binti yangu akacheka kwa furaha. Mimi nilitoka nje, maana machozi yalinijia.

Enzi za Ujamaa nilikuwa mtunza pampu ya maji ya treni, kituo kidogo mbele ya Bukene, reli ya Mwanza. Upweke gani ule! Treni inakunywa maji, inaondoka, nabaki na pampu na tumbili. Mama nilimwacha Isevya, Tabora mjini, anaumwa kifua. Kila siku nilikuwa naomba simu ilie nisikie hali yake.

Simu yenyewe ilikuwa waya mmoja kutoka Tabora, vituo sita. Ikiita kituo kimoja, inalia kwa wote. Kila kituo kina mlio wake. Wangu ulikuwa mirefu miwili. Mlio usio wako, huinui simu. Kuinua ni umbea, na sisi watu wa reli tulikuwa na heshima zetu.

Ikaja karatasi ya milio mipya na treni ya mizigo. Mimi na makaratasi ya wakubwa, wapi na wapi! Nikaiwashia jiko bila kuisoma.

Baadaye, siku tatu mfululizo, simu ikawa inalia mlio mrefu mmoja, mifupi miwili. Asubuhi, mchana, jioni. Nilimwonea wivu huyo anayeitwa. Mwishowe nikapandwa na hasira: mtu gani huyu, anatafutwa hivi na hataki kuinua? Siku ya tatu nikavunja mwiko. Nikazungusha mkono wa simu, nikaviita vituo vyote.

"Jamani, mrefu mmoja mifupi miwili ni nani? Ainue, ananichosha!"

"Si mimi," akasema wa Bukene.

"Wala huku."

"Siyo sisi, ndugu."

Wa nne akakataa, wa tano naye akakataa. Nilikuwa nahesabu kwa vidole. Vituo sita, na waliokana ni watano.

"Ndugu wa pampu," wa Bukene akaniuliza taratibu, "kwani wewe karatasi hukuisoma?"

Karani wa Tabora akaingia kwenye waya.

"Pole sana, ndugu. Mama yako tumemzika jana. Kaka yako alikuwa anakuja hapa stesheni kila siku kukuita, anarudi kumwambia mgonjwa simu inalia, hainuliwi. Leo alikuwa anakuita kukupa msiba. Tukadhani umesusa."

"Na yeye mama, alisemaje?"

"Alisema mwacheni, yuko kazini."

Kesho yake simu ikalia. Mrefu mmoja, mifupi miwili. Niliinua kabla haijamaliza. Wakubwa wa Tabora walitaka kujua kama pampu ni nzima.