Mama Mkwe na Mimba Yangu ya Kwanza

Nilipopata mimba ya kwanza, mama mkwe wangu alihamia kwetu Mbugangari, ng'ambo ya mpaka na Goma, na gunia la viazi vya Mudende na sufuria kubwa kuliko zetu zote. Yeye alikulia kule Goma, mimi nilikulia Tanzania, na Kiswahili changu kilimchekesha sana.

"We unasema kama redio," aliniambia siku ya kwanza, kisha akanipakulia chakula.

Alinilisha kwelikweli. Asubuhi mandazi na chai ya maziwa. Mchana alinifuata kwa miguu hadi ofisini kwangu, karibu na kivuko cha mpakani cha Petite Barrière, ambako nilishinda nimekaa nikijaza karatasi za mizigo, akanifunulia ugali na sombe, kisamvu chao. Jioni viazi na ndizi, sahani moja. Nikisema nimeshiba, aliongeza.

"Mutoto ndiye iko na njaa, hapana we."

Mwezi wa sita wa mimba viatu vyangu vyote havikuniingia tena. Kliniki, muuguzi alinipima uzito, akautazama wa mwezi uliopita, akanipima presha mara mbili. Ilikuwa imeanza kupanda. Niliona aibu, nikajitetea kama mtoto.

"Ni mama mkwe wangu."

"Yuko wapi?"

"Nje, kwenye benchi."

"Mwite."

Niliogopa atamgombeza. Badala yake alimpa kiti, akamuuliza yeye alibebaje mimba zake. Mama mkwe alikunja na kukunjua ncha ya kitenge chake.

"Bwana ya huyu, nilimubeba wakati tulikuwa tunakimbia vita," alisema. "Nilikula majani na munyu, chumvi tu. Alizaliwa mudogo sana, nikafikiri atanifia mu mikono. Bon, nikasema mukwe yangu hatajua ile njaa."

Miezi yote ile nilikuwa nakula chakula chake, sikuwahi kumuuliza.

"Mama, mtoto huyu hana njaa," muuguzi alisema taratibu. "Simnyimi chakula, na asiruke mlo hata mmoja. Ila uzito umekwenda mbio. Wewe ndiye mpishi, nisaidie."

Akachora sahani nyuma ya bahasha: nusu mboga, robo viazi au ugali, robo maharagwe au sambaza, vile visamaki vidogo vya ziwani. Tena akasema nitembee kila siku.

Mama mkwe aliibandika bahasha ile ukutani jikoni. Kuanzia kesho yake tulitembea kando ya ziwa kabla ya kazi, yeye mbele, mimi nyuma nikihema. Alinisimulia mitaa ya utotoni mwake ng'ambo ya mpaka, na tukirudi alinunua sambaza kwa wanawake wa ufukweni, akibishana nao kwa raha. Siku aliyonikuta nikila andazi kwa siri, alishika kiuno.

"Infirmière ya kliniki alisema nini?"

Tulicheka hadi nikashika tumbo.

Niliendelea kuongezeka, ila polepole, na presha ikatulia. Binti yangu alizaliwa salama. Mama mkwe alimpakata, akampima kwa mikono yake miwili, machozi yakimtoka. "Iko muzito muzuri," alisema.

Alifariki mwaka juzi. Mimba ya pili niliibeba bila yeye, na safari hii uzito wangu haukumtia muuguzi wasiwasi. Lakini njia ile ya ziwani nilitembea peke yangu, na asubuhi nyingine nilikaa kwenye ukuta karibu na maji, nikalia kidogo, kisha nikaenda kazini.