Nahodha Aliyesema Mto Umehama

Siku yangu ya kwanza kwenye boti ya kituo cha afya kule Mbuchi nilipewa upondo, ule mti mrefu wa kupimia kina, nikaambiwa nikae mbele. Nilikuwa nimeacha shule darasa la tano baada ya wazazi wetu kufariki, na wadogo zangu walikuwa wakinitegemea mimi.

Usukani ulikuwa wa Nahodha Ngwele. Ndiye aliyenifundisha milango, yaani pale vijito vinapoachana na mto: upi hupitika maji yakijaa, na upi hubaki tope tupu yakipwa.

Kisha miguu yake ikaanza kumwangusha. Hakuficha. Kabla ya kupanda alituonya tumshike kiuno. "Miguu hii ya kuazima," alikuwa akisema, "mwenyewe keshaanza kuidai." Tulicheka, naye akicheka.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara zimefunguliwa na matibabu yameanza kuchangiwa. Mganga Mfawidhi, mkuu wa kituo, alimpeleka Dar es Salaam kupimwa. Jibu likaja kwamba ugonjwa unakula utando wa mishipa ya fahamu, kama waya unavyochubuka. Unaweza kugusa miguu, hata kumbukumbu, ila hilo la pili mimi nililijua baadaye. Nahodha aliporudi alitusimulia habari za miguu tu. Akaachiwa usukani, maana kazi ile hufanywa kwa kukaa.

Baadaye akaanza kupitiliza milango. Kila akikosea alisema mto umehama. Na mto Rufiji huhama kweli, ndiyo maana tulichelewa kumjua.

Siku moja tulimchukua Kiongoroni mama aliyeshikwa na uchungu, mtoto hatoki. Maji yalikuwa yakipwa. Nikamwambia Nahodha kwamba mlango wetu tumeupita.

"Kijana, nani alikufundisha mto huu?"

"Wewe, Nahodha. Na ndiwe uliyenionyesha mlango ule pale nyuma."

"Mto umehama."

Akakata kushoto, kwenye kijito kinachoishia mikokoni. Nilipofika nyuma kumpokonya usukani, boti ilikwisha kukaa juu ya tope. Tulisubiri maji yajae. Mtoto alizaliwa humo botini, hana uhai. Bibi yake, aliyekuwa amemsindikiza mama, alimuuliza Nahodha kama njia hakuiona. Akamjibu kwa upole kwamba njia haikuwapo tena. Hakuwa anasema uongo, na hilo ndilo lililonitisha.

Mganga alimwachisha kazi, akamwambia sababu ni miguu, kwa kuwa hiyo angeikubali. Usukani nikapewa mimi, nikaushika hadi nilipostaafu.

Vijana mlio kazini huniuliza mtu atajuaje kuwa wakati wake umefika. Sijui. Mguu ukilegea mwenyewe anauona. Kichwa kikilegea, atakiona kwa kitu gani?

Nahodha alilala kitandani miaka mingi kwao Ruaruke, hawezi hata kujigeuza. Kila nilipomtembelea alinielekeza njia ya Kiongoroni, mlango kwa mlango, akihofia usalama wa wagonjwa wangu. Njia yake iliingia mikokoni.

"Umeshika?" aliniuliza.

"Nimeshika, Nahodha."